Bi Futa, mpimaji wa maharage ya msaada aliyehamishia uji shambani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya uwanja wa mgao kama mgeni aliyechoka na safari. Turubai la bluu limetandikwa chini. Katikati yake ameketi mwanamke wa miaka hamsini na minane, miguu ameikunja upande mmoja, bakuli la bati mkononi, na mlima wa maharage mbele ya magoti yake.

Anachota. Anapitisha kiganja juu ya bakuli mpaka maharage yawe sawa na ukingo. Anamwaga ndani ya mfuko wa aliye mbele yake. Yanapoanguka, yanatoa sauti ya mvua juu ya bati, na kila mara mwanamke huyu hufumba macho kidogo, kama anayesikiliza jambo la mbali.

"Bi Futa, leo kiganja chako kizito," analalamika mama mmoja mwenye mapacha.

"Kiganja ni kilekile, mwanangu. Njaa yako ndiyo imenenepa."

Foleni nzima inacheka, na yule mama anacheka kuliko wote.

Ni kiganja hicho kilichompa jina. Kwa miaka sita, tangu mapigano yalipozitoa familia mia mbili na kumi na nne kwenye bonde lao na kuzileta kwenye mahema haya, yeye ndiye anayepima. Kanuni inasema bakuli moja kwa kila kichwa kwa wiki mbili, bila mlima juu. Basi anafuta. Watoto wakimwona njiani humpigia kelele, "Usifute, bibi!" naye huwajibu kwa kuwafuta pua.

Malipo yake ni kilo kumi za unga na chupa ya mafuta kwa mwezi, juu ya mgao wake wa kawaida. Nyumbani wako wanne: yeye, mwanawe ambaye hufuata vibarua vya mbali na kurudi mara moja kwa mwezi, mke wa mwanawe, na mjukuu wa kike wa miezi minane anayekula kila kitu, hata ncha ya khanga.

Foleni ni ndefu, na foleni bila maneno huzaa ugomvi. Kwa hiyo Bi Futa hutega vitendawili huku akipima.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina pacha wawili, huwezi kuwatofautisha kwa sura. Mmoja namla leo, mwingine namla mwakani. Nikimla yule wa pili leo, mwakani nakula kidole."

Wanajaribu. Mmoja anasema jua na mwezi. Mwingine anasema mume na shemeji, anapigwa kofi la mgongoni na mwenziwe. Mwishowe wanashindwa na kumpa mji.

"Mji gani mnanipa?"

"Wowote wenye mkate!"

"Nimeupokea. Jibu ni chakula na mbegu."

Kicheko kinapungua kidogo hapo. Kila aliye kwenye foleni ile anajua kwamba jibu hilo lilikaribia kuwagharimu msimu mzima.

Hadithi ya mbegu ilianzia kwenye kufagia. Kila jioni ya mgao, maharage yaliyotawanyika kwenye turubai, yaliyochanganyika na mchanga na nyuzi za magunia, yalikuwa haki ya aliyefagia. Wenzake waliyapika. Bi Futa alikuwa akiyatazama.

"Yalikuwa na rangi za ndoto," anakumbuka. "Mekundu, meupe, ya madoadoa kama yai la kwale, meusi yenye jicho. Nikajiuliza, kila moja limetoka kwa mama gani? Hakuna anayelima maharage ili yawe msaada. Kila punje mtu aliipanda akifikiria nyumbani kwake."

Akaanza kuyatenga kwa rangi katika makopo ya mafuta. Akachukua kumi kumi ya kila kopo, akayafunga kwenye kitambaa chenye maji na kuyaweka chini ya kitanda. Mengi yalikuwa mazee mno, yamekaa maghalani hadi yamesahau kazi yake. Katika kila kumi, saba yalioza. Matatu yalitoa mguu mweupe.

"Niliyapigia magoti. Mke wa mwanangu aliniuliza, mama, umepoteza sindano? Nikamwambia, nimeokota."

Msimu wa kwanza alipanda nyuma ya hema, yeye na majirani kumi na mmoja. Wote walikuwa watu wa bondeni. Bondeni kwao maharage ni vichaka vifupi, vinakaa chini kama kuku anayeatamia. Lakini mengi kati ya yaliyomea yalikuwa ya aina ambayo macho yao hayakuwahi kuiona, aina inayopanda juu. Wiki ya tatu, kila mche ukatoa uzi mwembamba unaojinyonganyonga, ukipapasa hewani kama mkono wa mtu aliye usingizini.

Wakadhani ni ugonjwa.

"Tukasema, hiki ni kichaa cha mmea. Kila asubuhi tunaamka, tunazunguka, tunakata zile nyuzi. Tena tulikuwa na bidii! Tulishindana nani amekata nyingi. Kesho yake zimerudi, tunakata tena."

Aliyewaokoa ni mchukuzi wa magunia, mzee wa milimani ambaye wote humwita Mlima, kwa asili yake na kwa mabega yake. Alipita akiwa amebeba gunia kichwani, akawaona wameinama, akalitua gunia ili acheke vizuri.

"Mnamkata mtoto miguu, halafu mnamlaumu hatembei!" aliwaambia. "Hiyo ni mikono yake. Anatafuta pa kushika. Mpeni mti apande."

Miti? Hapo ndipo mzaha ulipoishia. Pembeni mwa makazi hapakuwa na mti hata wa kuchokonolea meno. Yote ilikuwa imeishia mekoni, na iliyobaki ilikuwa ya wenyeji, haikatwi.

Bi Futa alikaa siku mbili akiwaza. Siku ya tatu alichukua gunia tupu la maharage, akatafuta pa kuanzia, akavuta. Gunia lile la plastiki, jeupe, likafumuka uzi baada ya uzi, kama maneno yakimtoka mtu aliyenyamaza muda mrefu. Akasokota nyuzi sita kuwa kamba moja. Akafunga upande mmoja kwenye kigingi chini, upande wa pili kwenye waya aliopewa na Mlima, waya uliofungwa baina ya nguzo mbili kuukuu za chuma za hema lililochanika.

Asubuhi iliyofuata mche wa kwanza ulikuwa umeshika.

Tangu hapo gunia halitupwi. Likiisha chakula, linafumuliwa. Wanawake hukaa mlangoni mwa mahema yao mchana, wanavuta nyuzi, wanasokota mapajani, wanasengenya. Ukipita hapo msimu wa maharage utadhani umeingia katika kiwanda cha kufuma ambako kitambaa chenyewe kinajifuma: kamba nyeupe kwa mamia zimesimama wima, na kijani kinapanda juu yake polepole, kikizunguka, kikizunguka, mpaka kinamzidi mtu kimo. Upepo ukipita kamba zote hutetemeka pamoja. Bi Futa hupenda kusimama katikati yake wakati huo. Anasema huko ndani huwa hakumbuki yuko wapi, na kwamba kusahau huko ni mapumziko.

Mwaka jana mwenye shamba wa jirani, mwenyeji, aliziona kamba hizo akaja kuuliza, kisha akawaachia kipande kikubwa kwenye ukingo wa bonde wakilime. Kwa mara ya kwanza palikuwa na ardhi ya kutosha familia zote. Bi Futa na wenzake wakakusanya mbegu safi, zilizochaguliwa misimu mitatu mfululizo, magunia mawili kamili. Yalihifadhiwa kwake, juu ya vichanja, yamechanganywa na majivu ili wadudu wasitie mguu.

Walibaki kungoja mvua.

Mvua ilikuja kubwa kuliko walivyoiomba. Ililainisha ardhi, na ililichukua pia daraja ambalo malori ya msaada hupitia. Siku ya mgao ikapita bila mgao. Siku tano. Kumi. Siku kumi na tisa.

"Sikilizeni nikuambieni, ardhi ilikuwa laini kama mkate, na hakuna mtu aliyekuwa na nguvu ya kuinua jembe," anasema. "Na wote walijua kwangu kuna magunia mawili."

Hawakuja kwa ubaya. Walikuja wawili wawili, kwa hodi na salamu ndefu, wakauliza hali ya mtoto, wakakaa, wakatazama vichanja. Mmoja alisema, "Bi Futa, mbegu ni mali ya wote." Alijibu kwamba ndiyo, ni ya wote, pamoja na wale wa mwakani. Wakaondoka. Wakaja wengine. Ilikubaliwa kwamba kesho yake asubuhi watu wote wakutane, wapige kura: yapikwe au yasipikwe. Hakuna aliyehitaji kuuliza kura itaangukia wapi.

Alasiri hiyo alirudi kutoka kisimani akamkuta mke wa mwanawe amekaa kando ya sufuria, amempakata mtoto. Ndani ya sufuria mlikuwa na maji, na ndani ya maji kilo mbili za mbegu, zimekwishaanza kuvimba.

"Mama, nisamehe," alisema bila kuinua uso. "Maziwa yamekauka. Ananyonya hewa."

Bi Futa alimtazama mtoto. Halafu akalitazama sufuria. Mtu aliyelima anajua: mbegu ikishalowa haingoji. Ama kesho iwe ardhini, ama iwe tumboni, ama ioze.

"Hukukosea," alimwambia. "Mwenye kunyonyesha akitafuta chakula hajakosea. Lakini usiwashe moto bado. Nipe hilo sufuria."

Akajitwika sufuria kichwani, akaenda nalo moja kwa moja kwenye ofisi ya mgao.

Afisa wa mgao ni msichana wa miaka ishirini na saba, mwenye meza ndogo, kalamu tatu na mto wa kukalia alioushona mwenyewe. Hakuwa amelala vizuri tangu daraja lilipokwenda na maji. Bi Futa akamtulia sufuria juu ya makaratasi.

"Mwanangu, hizi zina siku moja."

Afisa akafunika uso kwa viganja. "Bibi, sina chakula cha kukupa. Ghalani kuna uji wa dharura tu."

"Uji si chakula?"

"Ni chakula, lakini si cha kilimo. Nikiwapa watu uji ili walime, ofisi ya chakula itaniuliza kwa nini. Nikiomba ofisi ya kilimo, wao wana majembe na mbegu zao za mwezi ujao, hawana uji. Ni ofisi mbili, bibi. Hata magari yao hayafanani."

"Ofisi mbili," alisema Bi Futa, "tumbo moja."

Afisa akapiga simu. Akapiga ya pili. Kwenye ya kwanza aliambiwa angojee kibali, kwenye ya pili akaambiwa asubiri kikao. Bi Futa alikuwa amekaa kwenye benchi, ametulia, anayakoroga maharage kwa kidole kama anayembembeleza mtoto alale.

Baada ya simu ya tatu afisa alitoa kwenye droo kijitabu cha kanuni, akakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akasoma mstari mmoja kwa sauti: uji wa dharura utafunguliwa malori yakichelewa zaidi ya siku kumi na nne, utapikwa katika vyungu vya pamoja, utanywewa papo hapo ulipopikwa, usipelekwe nyumbani.

"Zimetimia kumi na tisa, nami nangoja kibali ambacho kumbe hakihitajiki," alisema polepole. "Ningeufungua kesho hapa uwanjani, kila mtu anywe, arudi akalale."

"Hicho kitabu kinasema papo hapo ni wapi?"

Afisa akasoma tena. Akageuza ukurasa. Akaurudisha.

"Hakisemi."

Wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa afisa, na alicheka hadi akalengwalengwa na machozi, kwa uchovu au kwa furaha, mwenyewe hajui.

Kesho yake watu walipokuja kupiga kura, walikuta uwanja mtupu. Hapakuwa na turubai wala meza. Palikuwa na Mlima peke yake, amesimama na gunia la unga wa uji begani.

"Vyungu vimehamia ukingo wa bonde," aliwatangazia. "Anayetaka uji anifuate. Anayetaka kura abaki apigiane kura na upepo."

Waliokuwapo siku ile huizungumzia kama watu wanaosimulia ndoto waliyoiota pamoja. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Mvuke wa uji ulipanda, ukungu ukashuka, vikakutana katikati, na ndani ya weupe ule watu wakatokea mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake, wakitembea kama wanaoogopa kuikanyaga ardhi. Walipewa kikombe kwanza. Hakuna aliyeulizwa wala kulazimishwa. Kikombe kilipoisha, Bi Futa alimwekea kila mmoja mbegu kiganjani, kiasi cha mstari mmoja, akamwonyesha mstari wenyewe.

"Nilikuwa na hofu moja tu," anasema. "Kwamba watanywa, watatia mbegu mfukoni, wataondoka. Mimi nisingemlaumu mtu."

Wa kwanza kuinama alikuwa mke wa mwanawe. Mtoto mgongoni, akafunua shimo kwa kisigino, akatupia mbili kati ya zile zilizolowa, akafukia kwa vidole vya mguu, akasogea. Aliyemfuata akainama. Halafu yule mama wa mapacha. Halafu shamba zima likawa migongo.

Uji uliendelea siku nne, na siku nne hizo magunia yote mawili yaliingia ardhini. Siku ya tano lori la kwanza lilivuka daraja la muda. Ofisi ya chakula iliandika barua kuuliza kwa nini vyungu vilikuwa shambani. Afisa alijibu kwa sentensi moja, kwamba huko ndiko watu walikokuwa. Wiki mbili baadaye wakaja wageni wawili, mmoja kutoka kila ofisi, kila mmoja na gari lake. Wakasimama pamoja kando ya mistari. Inasemekana hata walibadilishana namba za simu.

"Niliwaona wanaongea," anasema Bi Futa. "Nikamwambia Mlima, tazama, hata hawa wakipewa kamba wanashikana."

Kati ya familia mia mbili na kumi na nne, mia moja tisini na nane zilipanda. Mavuno yaliyokauka mwezi uliopita yalifika magunia themanini na moja. Si mengi ya kuwatosha mwaka. Kila mmoja anayehesabu kwa vidole anajua yatafika miezi mitano. Mgao bado unahitajika, na Bi Futa hasemi vinginevyo. Lakini mgao ujao umepunguzwa nusu kwa waliopanda, nusu hiyo itapelekwa kwa waliofika juzi juzi ng'ambo ya mto, watu ambao hata mahema yao bado yana mikunjo ya kiwandani. Ni jambo ambalo afisa alikuja kumwomba radhi.

"Nilimwambia, radhi ya nini? Mwaka ule wa kwanza na mimi kuna mtu alipunguziwa ili nile. Sikumwona, lakini alikuwepo."

Saa nne imefika. Ukungu umeondoka bila kuaga. Foleni imekwisha, na Bi Futa anajinyoosha mgongo hadi mifupa inamjibu. Mjukuu analetwa, ananona sasa, ana mikunjo miwili mapajani ambayo bibi yake huipiga busu kwa zamu ili isioneane wivu.

Anapoulizwa sasa anataka nini, anamweka mtoto begani. Anaangalia ukingo wa bonde, ambako jana walichimba mashimo arobaini, mapana, kina cha goti.

Maharage, anasema, ni kilimo cha mtu mwenye haraka. Miezi mitatu umekula. Mtu asiyejua kesho atalala wapi hupanda maharage, na yeye ameyapanda miaka sita. Mwenye shamba amekubali kuwaachia ukingo ule kwa misimu kumi, na ofisi zile mbili, kwa mara ya kwanza kwa barua moja, zimekubali kuleta miche ya parachichi mwezi ujao, pamoja na unga wa siku za kupanda.

Afisa alimuuliza juzi, kwa upole, kama anajua mparachichi huzaa baada ya muda gani.

"Nikamwambia mwaka wa tano, mwanangu. Akanitazama hivi, nikajua anahesabu umri wangu." Anacheka, anamhamisha mtoto bega la pili. "Nimeshachagua shimo langu, la tatu kutoka juu, karibu na jiwe. Waambie tu wa ofisi ya chakula, mwaka huo wakiandika majina ya mgao, la kwangu waliruke."